Kwa Nini Bastola ya .22 Hukwama, na Matengenezo Yaanzie Wapi

Katika awamu ya kasi ya shindano la bastola la mita 25 kwa wanawake, shabaha hufunguka kwa sekunde 3, hufungwa kwa sekunde 7, kisha hufunguka tena, mara 5 kwa kila mkupuo. Mlenga shabaha huanza mkono ukiwa chini, huuinua, hupiga risasi moja, huushusha na kusubiri. Kwa wanaume, risasi 5 hupigwa kwenye shabaha 5 kwa sekunde 8, halafu kwa sekunde 6, mwisho kwa sekunde 4. Ndani ya muda huo bastola nayo ina kazi zake: kutoa ganda lililotumika, kulitema nje, kuchukua risasi nyingine kwenye magazini na kuipandisha chemba. Kazi moja ikishindikana, ustadi wa mpigaji haumsaidii kitu.

Hitilafu hizi zina sifa mbaya ya kumfanya mwenye bastola ahisi kwamba chuma chake ni kibovu. Ndipo tupa na msasa vinapotafutwa. Msimamo wangu ni kwamba hapo kazi imeanzia mwisho. Bastola ya .22 inapokwama, mshukiwa wa kwanza ni risasi, wa pili ni uchafu, wa tatu ni magazini. Ndoano (ile inayoshika ukingo wa ganda) na springi hufuata. Chuma cha mtutu na chemba huja mwisho kabisa. Mpangilio huu unatokana na jinsi risasi hii ilivyotengenezwa.

Risasi yenye tabia zake

Mwaka 1845 Mfaransa Louis-Nicolas Flobert aliunganisha fataki na kichwa cha risasi katika kipande kimoja. Kutokana na wazo hilo zikazaliwa risasi ambazo kilipuzi chake kimo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Ile inayotumika leo kwenye bastola za shabaha, .22 Long Rifle, ilitolewa na kampuni ya J. Stevens ya Marekani mwaka 1887. Imedumu kwa sababu ni rahisi kwa bei, haina kishindo kikubwa, na hupiga kwa usahihi. Lakini ina tabia nne ambazo kila mwenye bastola anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni ukingo wenyewe. Ganda lina kipenyo cha karibu milimita 5.7, na ukingo wa kitako umetokeza hadi karibu milimita 7. Risasi zikipangwa ndani ya magazini, kingo hizo zinaweza kunasana. Ya pili ni kichwa chake: kwa kawaida ni cha madini laini ya risasi, hakikuvikwa shaba, na kimeshikiliwa na ganda kwa nguvu ndogo. Kikigonga mahali pakali hubonyea, au hupinda upande. Ya tatu ni nta au mafuta yaliyopakwa nje ya kichwa. Husaidia mtutu usigande madini, lakini hushika vumbi na kujikusanya kwenye chemba. Ya nne ni uchache wa nguvu. Kichwa cha gramu 2.6 kinachoruka chini ya kasi ya sauti, yaani chini ya mita 340 hivi kwa sekunde, hakiachi nguvu nyingi za kuiendesha bastola.

Tabia hii ya nne ndiyo kiini cha mengi. Bastola nyingi za .22 hazina kufuli linaloshikilia mtutu na bolti pamoja. (Nasema bolti kwa sehemu yoyote inayokwenda nyuma na mbele, iwe slaidi kama ya Smith & Wesson 41 au bolti ya ndani kama ya Ruger Mark na Pardini SP.) Kinachoizuia bolti isifunguke mapema ni uzito wake na springi peke yake. Gesi hulisukuma ganda nyuma, ganda huisukuma bolti, na safari nzima hulipiwa na nguvu hiyo ndogo. Masizi kidogo, mafuta yaliyoganda au springi ngumu kupita kiasi hula sehemu ya nguvu ambayo tangu mwanzo haikuwa na akiba.

Dalili moja, sababu mbili

Hitilafu zenyewe ni za aina chache. Risasi mpya inaweza kugoma kuingia: pua yake imegonga chini ya chemba, au imegonga juu, au imeingia nusu na bolti haikufunga. Ganda linaweza kubaki ndani ya chemba. Linaweza pia kutoka chemba lakini likabanwa mdomoni mwa tundu la kutemea, limesimama wima kama linavyoonekana mara nyingi. Mwisho, bolti inaweza kufunga kwenye chemba tupu huku magazini ina risasi.

Kosa la kawaida ni kuamini kwamba kila dalili ina sababu yake moja. Chukua hiyo ya mwisho. Bolti inaweza kufunga kwenye chemba tupu kwa sababu haikwenda nyuma vya kutosha kuifikia risasi iliyo juu ya magazini: nguvu zilipungua. Inaweza pia kufanya hivyohivyo kwa sababu ilikwenda na kurudi haraka mno, wakati springi dhaifu ya magazini haijawahi kuipandisha risasi: nguvu zilizidi. Ukiweka springi laini zaidi kwenye bolti, kosa la kwanza litapona na la pili litazidi.

Namna ya kuyatofautisha ni kutazama maganda yanakoangukia. Yakitemwa kwa uvivu na kuanguka miguuni, na bolti isibaki wazi baada ya risasi ya mwisho kwenye bastola iliyoundwa kubaki wazi, basi safari ya bolti ni fupi. Yakiruka mbali kwa nguvu na bado chemba ikabaki tupu, tazama springi ya magazini. Yakisambaa huku na huku, moja mbali na jingine karibu, ndoano haijalishika ganda sawasawa, au risasi zenyewe hazilingani nguvu.

Ganda na risasi iliyokwama ni ushahidi

Kabla ya kugusa chochote, bastola ielekezwe kwenye shabaha, magazini itolewe, bolti ifunguliwe, chemba itazamwe kwa macho na kupapaswa kwa kidole. Kama mpigaji amefyatua na risasi haikulipuka, asubiri sekunde 30 huku mdomo wa bastola ukielekea shabaha, kwani kilipuzi cha ukingoni huweza kuchelewa kuwaka.

Kisha risasi iliyokwama isitupwe kabla ya kutazamwa. Ishike karibu na dirisha na uizungushe polepole. Kovu chini ya pua, upande uliokuwa umeelekea sakafu, linasema kwamba risasi ilitoka kwenye magazini ikiwa imeinama; midomo ya magazini au kimo chake vinahusika. Kovu juu ya pua linasema iliachiliwa mapema mno ikainuka. Alama ya mstari katikati ya ganda inaonyesha kwamba bolti ilipita juu ya kitako na kulipiga ganda ubavuni, yaani haikurudi nyuma hadi mwisho. Risasi ya namna hiyo haifai kupigwa tena. Kichwa chake huenda kimelegea au kimesukumwa ndani.

Ganda lililotumika lina maneno yake pia. Mdomo uliobonyea hutokana na kugonga ukuta wa tundu la kutemea au kubanwa na bolti. Masizi marefu yanayoteremka ubavuni yanaonyesha kwamba ganda halikutanuka na kuiziba chemba vizuri, jambo linalotokea kwa risasi dhaifu au chemba iliyokwaruzwa. Ukingo uliochanwa na ndoano unasema ganda lilikuwa limeng'ang'ania ndani. Uvimbe karibu na kitako ni onyo kubwa: ganda lililipuka sehemu yake ikiwa haijashikwa na chemba. Hapo mazoezi yasimame mpaka fundi wa silaha mwenye leseni aitazame bastola.

Kuanza na kinachorudishika

Kanuni ninayoitetea ni rahisi kuishika: anza na badiliko unaloweza kulirudisha, na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Boksi la risasi 50, magazini moja, bastola safi, na daftari la kuandika kila kilichokwama na kilivyokwama. Anayebadilisha risasi, springi na magazini kwa siku moja anaweza kuponya tatizo bila kujua kilicholiponya, na likirudi ataanza upya.

Risasi ndizo za kwanza kwa sababu bastola huundwa kwa kukusudia risasi fulani. Bastola za mashindano za Ulaya, kama Walther GSP, Hämmerli 208 na Pardini SP, zimepangiwa springi kwa risasi za kasi ya kawaida. Kuzilisha risasi za kasi kubwa ni kuziumiza. Kwa upande mwingine, Ruger Mark na Browning Buck Mark za Marekani zimeundwa zistahimili risasi zenye nguvu zaidi, na baadhi yake huwa nzito zinapopewa risasi laini za mashindano, hasa zikiwa mpya na springi haijalegea. Hali ya hewa nayo huingia hapa. Kwenye baridi nta hukakamaa. Kwenye joto la pwani kama Mombasa au Tanga hulainika na kunasa mchanga, na unyevu wa chumvi huchafua shaba ya ganda ikiwa boksi limeachwa wazi.

Usafi ndio wa pili. Sehemu tatu husahaulika kila mara: uwazi ulio chini ya ndoano, uso wa bolti unapokaa ukingo wa ganda, na sehemu ya mbele ya chemba ambako nta na masizi hujenga pete ngumu. Pete hiyo ndiyo huifanya risasi isimame milimita moja kabla ya kuingia kabisa. Pini ya kugongea ikipiga wakati huo, sehemu ya pigo lake hutumika kuisukuma risasi ndani badala ya kuwasha kilipuzi, na mpigaji huilaumu fataki bure. Brashi ya shaba yenye kimiminika cha kusafishia huitoa pete hiyo. Mswaki wa zamani na kijiti cha kuchokolea meno huisafisha ndoano. Baada ya hapo chemba ibaki kavu. Mafuta yanahitajika kwenye njia za bolti, tena utando mwembamba, kwani mafuta mengi huchanganyika na masizi na kuwa matope.

Magazini ni ya tatu, na kwa bastola za .22 ndiyo yenye visa vingi kuliko sehemu nyingine ya chuma. Magazini nyingi huinamishwa ili ukingo wa kila risasi ukae mbele ya ule wa chini yake, mithili ya mabati ya paa yanavyolaliana. Risasi ikitiwa kwa haraka ukingo wake ukaangukia nyuma ya wa chini, zote mbili zitanasana na bolti haitaweza kuisukuma ya juu. Dawa ni kuzitia moja moja na kutazama mpangilio kabla ya kuingiza magazini kwenye mpini.

Midomo ya magazini ndiyo inayoamua risasi iachiliwe lini na ikiwa na mwelekeo gani. Bastola za High Standard zilijulikana sana kwa kuhitaji midomo iliyopangwa kwa uangalifu. Tofauti isiyoonekana kwa jicho inatosha kuigeuza bastola nzuri kuwa ya kukwamakwama. Kwa hiyo kila magazini iwe na namba iliyochorwa chini yake. Hitilafu ikiifuata namba moja, mkosaji amepatikana na bastola haina hatia. Kuikunja midomo kwa koleo bila kuipima na kuilinganisha na magazini inayofanya kazi ni kubahatisha. Mara nyingi kununua nyingine ni nafuu zaidi.

Ndoano, kirushio na springi

Kuna jambo kuhusu ndoano ambalo wengi hawalitarajii. Katika bastola isiyo na kufuli, gesi yenyewe hulisukuma ganda litoke chemba. Ndoano iliyochakaa inaweza kuendelea kuonekana inafanya kazi kwa muda mrefu. Kazi yake kubwa wakati wa kupiga ni kulishikilia ganda usoni mwa bolti mpaka ligonge kirushio, kile kipande kisichosogea kinachopiga kitako upande wa pili na kulitupa nje. Ndoano ikilegea, ganda huanguka kabla ya kukutana na kirushio, na mpigaji huona ganda limebanwa mlangoni. Tatizo linaonekana kuwa la kutema, kumbe ni la kushika.

Jaribio lake halihitaji kupiga risasi hata moja. Bolti ikiwa imetolewa, teleza kitako cha risasi ya mazoezi isiyo na baruti chini ya ndoano na uitikise kidogo. Inapaswa kukaa bila kuanguka, lakini isogee ukiisukuma kwa kidole. Ikianguka, safisha kwanza chini ya ndoano, kisha angalia springi yake, kisha makali ya ncha. Ncha inayofaa ina kona kali, iliyochakaa imeviringika. Kipande hiki kinabadilishwa kwa urahisi kwenye bastola nyingi.

Springi ya bolti huja baada ya hapo. Imechoka? Ilinganishe urefu na mpya. Je, imebadilishwa na mwenye bastola wa awali? Hilo ni swali la kuuliza kila unaponunua bastola iliyotumika. Na kama kifaa cha kulengea chenye nukta nyekundu kimefungwa juu ya slaidi inayosogea, uzito huo unapaswa kusukumwa na nguvu ileile ndogo. Bastola inaweza kuanza kukwama siku kifaa kilipofungwa, na dawa ikawa kukihamishia juu ya mtutu.

Chemba, na hatari ya tupa

Kuna kasoro moja ya chuma inayostahili kutajwa kwa undani kwa sababu husababishwa na tabia. Kwenye baadhi ya bastola, kufyatua bila risasi huiacha pini igonge ukingo wa chemba. Baada ya mapigo mengi, chuma hubonyea na kuinua kinundu kidogo kinachoingia ndani ya chemba. Risasi huanza kukwaruzwa inapoingia na ganda huvutwa kwa shida linapotoka. Ruger Mark ina kipini kidogo cha kuzuia pini ya kugongea isifike huko. Kikisahauliwa wakati wa kuunganisha bastola baada ya usafi, kila mfyatuo wa mazoezi huiharibu chemba.

Kinundu hicho hupatikana kwa ukucha upesi kuliko kwa jicho. Vidole vinajua mengi katika fani hii: Mikhail Margolin, mbunifu wa Kisovieti aliyepofuka mwaka 1924 baada ya kujeruhiwa kichwani, alibuni bastola ya shabaha ya .22 iliyotumika kimataifa kwa miongo mingi, akifanya kazi kwa kupapasa maumbo. Dawa ya kinundu ni chombo maalumu kinachokirudisha chuma mahali pake kwa kukisukuma. Hakiondoi chuma, na hiyo ndiyo sifa yake.

Tupa huondoa. Na hapa muundo wa risasi unarudi kutuhukumu. Ganda la .22 lazima liwe jembamba kitakoni ili pini iweze kuukunja ukingo na kuwasha kilipuzi. Wembamba huo unahitaji kuta za chemba ziuzunguke na kuushikilia wakati wa mlipuko. Anayepanua mlango wa chemba ili risasi ziteleze vizuri anaiacha sehemu ya ganda hewani. Ganda likipasuka hapo, gesi na vipande vya shaba hurudi kuelekea uso wa mpigaji. Miwani ya kinga ni lazima siku zote, lakini haihalalishi kazi mbaya. Kung'arisha kwa wepesi ni jambo moja. Kubadilisha umbo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni. Kenya kupitia Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Tanzania kupitia Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015, zimeiweka silaha chini ya leseni, na mmiliki makini hampi bastola yake mtu asiyeruhusiwa.

Mkono nao huhesabika. Bolti huhitaji mwili wa bastola usimame imara ili iende nyuma kwa safari kamili. Mpigaji anayetumia mkono mmoja, akichoka kuelekea mwisho wa zoezi, hulegeza kifundo, na sehemu ya nguvu hupotea kwa bastola nzima kurudi nyuma. Bastola inayokwama kwa mtu mmoja tu na haikwami kwa mwenzake inaelekeza huko.

Kwa nini uangalifu huu una thamani

Bastola ya mita 50 iliyopakiwa risasi moja moja iliondoka kwenye Olimpiki baada ya michezo ya Rio ya 2016. Sasa silaha ya baruti iliyobaki kwa wapiga bastola huko ni ya .22 yenye magazini. Na tangu risasi fupi ya .22 Short ilipoondolewa kwenye shindano la kasi la wanaume baada ya Athens 2004, wote wanatumia Long Rifle na wote wanabeba tabia zake nne.

Kanuni za mashindano ya kimataifa zinatenganisha hitilafu inayokubalika na isiyokubalika. Bastola ikikwama, mpigaji anaendelea kuielekeza kwenye shabaha, anainua mkono ulio huru na kumwita msimamizi. Akigusa bolti au kifungio cha usalama kabla ya ukaguzi, amepoteza haki yake. Akiwa hakuingiza magazini sawasawa, au alitia risasi pungufu, au kasoro ni ile ambayo angeweza kuizuia yeye mwenyewe, alama zinapotea. Ikikubalika, nafasi hupewa mara moja tu katika awamu. Kanuni hizi zinadai kwamba maandalizi ya chombo ni sehemu ya ustadi, nami nakubaliana nazo kabisa. Manu Bhaker wa India alilijua hilo kwa uchungu Tokyo mwaka 2021, hitilafu ya bastola yake ya hewa ilipomla muda katika mchujo na akakosa fainali. Alirudi Paris 2024 akashinda medali mbili za shaba.

Kwa mtu anayejifunza mchezo huu leo, pesa za mwanzo ziende kwenye aina mbili au tatu za risasi za kujaribu, magazini ya ziada, brashi ya shaba na daftari. Bastola iliyopita hatua hizo na bado inakwama itamfikia fundi ikiwa na historia iliyoandikwa, magazini zenye namba na maganda yaliyohifadhiwa ndani ya bahasha. Fundi mwenye ushahidi huo ataanza na sehemu inayoumwa, na chuma ambacho hakina kosa kitabaki kama kiwanda kilivyokiacha.